Seli za panya mmoja ndani ya panya mwingine: unajuaje nani anampiga nani?

FundiMaabara (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita kulikuwa na mjadala humu kuhusu watoto wenye selimundu wanaopandikizwa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) pale Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Mdau mmoja akauliza swali zuri sana ambalo lilipita bila jibu: mambo yakiharibika, wanajuaje kama ni mwili unaoukataa uloto, au ni uloto unaoushambulia mwili? Nikaahidi kufungua uzi. Nimechelewa kwa sababu ya kazi, naomba radhi.

Mimi si daktari. Ni mtaalamu wa maabara, na kwa miaka saba sasa kazi yangu ya kila siku ni panya. Kwa hiyo nitaeleza kutokea huko, maana mengi ambayo hospitali inayategemea leo yalianzia kwa panya, au yalithibitishwa kwao.

Jambo la kwanza kulishika ni kwamba ugomvi huu una pande mbili. Ukipandikiza ngozi au figo, mwenye vita ni mwenyeji: kinga yake inamwona mgeni na kumfukuza. Lakini ukipandikiza uloto au seli za wengu, umeingiza mgeni aliyekuja na silaha zake. Ndani ya uloto mna seli T zilizokomaa, yaani askari wa kinga, na hizo zikifika zinaona kila kitu cha mwenyeji ni kigeni: ngozi, ini, utumbo. Hapo kipandikizi ndicho kinachompiga mwenyeji. Na pande zote mbili zinaweza kupigana kwa wakati mmoja ndani ya mnyama mmoja.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndiyo sababu ya uzi wote. Vipimo vingi vinakwambia kwamba ugomvi upo, na nguvu yake ni kiasi gani. Vinavyokwambia nani anampiga nani ni vichache. Nimeona watu wenye shahada kubwa wakichanganya haya mawili.

Kwa nini panya?

Kwa sababu ya koo safi. Unapandisha kaka na dada vizazi 20 mfululizo au zaidi, mpaka panya wote wa ukoo huo wanafanana vinasaba kama mapacha. Ukihamisha ngozi kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake wa ukoo huohuo inashika maisha yake yote. Ukihamisha kwenda ukoo mwingine inaanguka. Peter Gorer, London, miaka ya 1930, aligundua kwamba kuna alama kwenye seli inayohusika na kukataliwa huko. George Snell kule Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, akatumia miaka mingi kuzalisha koo zinazotofautiana kwenye kipande hicho kimoja tu cha vinasaba. Eneo hilo ndilo tunaloliita H-2, na kwa binadamu mwenzake ni HLA. Snell alipata Nobel mwaka 1980.

Ndiyo maana kwenye vizimba vyetu kila kadi ina jina la ukoo. C57BL/6, yule mweusi, ni H-2b. BALB/c, mweupe, ni H-2d. DBA/2 naye ni H-2d. CBA ni H-2k. Ukijua herufi hizo unaweza kupanga ugomvi unaoutaka kabla hujashika sindano.

Kiraka cha ngozi

Hiki ndicho kipimo cha zamani kuliko vyote na bado nakiheshimu. Peter Medawar aliingia kwenye kazi hii wakati wa Vita ya Pili ya Dunia kwa sababu ya majeruhi wa moto. Mwaka 1953, yeye na Billingham na Brent walichoma sindano za seli za ukoo A kwenye vijusi vya CBA vikiwa bado tumboni. Panya wale walipokua wakabandikwa ngozi ya ukoo A, na baadhi yao wakaipokea kama yao. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mwili unaweza kufundishwa kuvumilia.

Kwa mikono inakuwa hivi. Unakata kiraka cha ngozi cha kama sentimita moja, unakilaza kwenye ubavu wa panya aliyelazwa usingizi wa dawa, unafunga bandeji. Baada ya siku kama saba unafungua. Kiraka kizima kina rangi ya waridi, laini, na ukikisukuma taratibu kwa ncha ya kibano kinakwenda pamoja na ngozi ya chini. Kinachokataliwa kinaanza kuvimba ukingoni, kinakuwa chekundu iliyoiva, halafu kinakauka na kuwa kigumu kama kigaga cha kidonda. Mimi hukigusa kwa kidole chenye glavu, maana ugumu huja kabla jicho halijaona. Koo zikitofautiana H-2 yote, siku 10 hadi 14 mara nyingi habari imekwisha. Ukirudia ngozi ya ukoo uleule kwa panya yuleyule, safari ya pili inaanguka mapema zaidi, kwa sababu kinga inakumbuka.

Niwaambie kosa langu, labda litamsaidia kijana anayeanza. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na kundi la kulinganishia: ngozi ya C57BL/6 kwenda kwa C57BL/6, ukoo mmoja, inayotakiwa kukaa milele. Wiki ya nne viraka vikaanza kukauka kimoja kimoja. Nilidhani ni maambukizi. Nikabadilisha matandiko, nikachemsha vifaa upya, usingizi ukapotea. Mwishowe msimamizi wangu, mama mmoja mtulivu sana, akaomba kuona kadi za vizimba. Watoaji walikuwa madume na wapokeaji majike. Eichwald na Silmser walishaliandika hilo tangu 1955: jike la ukoo huu hukataa ngozi ya dume wa ukoo wake mwenyewe, polepole, kwa sababu ya alama zinazotokana na kromosomu Y. Miezi miwili ya kazi ilikwenda. Tangu siku hiyo sishiki kibano kabla sijasoma kadi zote mbili.

Kipimo hiki kinatueleza upande mmoja tu, mwenyeji dhidi ya kipandikizi. Upande wa pili nitauleta kwenye bandiko linalofuata.

---

FundiMaabara

Tuendelee.

Kupima wengu

Mwaka 1957 Morten Simonsen, Mdenmaki, alionyesha kwamba ukichoma seli za mnyama aliyekomaa ndani ya kiinitete cha kuku au kitoto cha panya, wengu wa mpokeaji unavimba. Kitoto hakina kinga iliyokomaa, hakiwezi kumfukuza mgeni, kwa hiyo mgeni anafanya atakalo. Kikichomwa seli nyingi kinadumaa, manyoya yanasimama, kinaharisha, kinakufa.

Hesabu yake ni nyepesi na unahitaji mizani tu. Unagawa uzito wa wengu kwa uzito wa mwili. Unafanya hivyo kwa waliochomwa na kwa ndugu zao wa uzao mmoja ambao hawakuchomwa, kisha unagawa jibu la kwanza kwa la pili. Mfano: kitoto kilichochomwa kina gramu 6 na wengu wa miligramu 60, yaani miligramu 10 kwa gramu. Ndugu yake ana gramu 6 na wengu wa miligramu 30, yaani 5. Kumi kwa tano ni 2. Kwa desturi, kuanzia 1.3 tunasema kuna mwitikio.

Ni kipimo kizuri. Lakini sasa jiulize: wengu ule uliovimba umejaa seli za nani? Wengi watajibu za mgeni, maana ndiye aliyeingia na kuzaliana. Mgeni kweli ndiye aliyewasha moto, lakini sehemu kubwa ya uvimbe mara nyingi ni seli za mwenyeji mwenyewe zilizochochewa. Mizani haiwezi kukuonyesha hilo, inasoma miligramu basi.

Chotara F1

Hapa kuna ujanja ninaoupenda kuliko wote kwenye fani hii. Mchukue C57BL/6 umpandishe na DBA/2. Watoto wao, chotara F1, wanabeba alama za baba na za mama. Chukua seli za wengu za C57BL/6 umchome chotara. Chotara anaziona ni za nyumbani kwa sababu alama zao zote anazo, kwa hiyo seli zake T hazizigusi. Lakini seli zilizoingia zinaona alama za DBA/2 kila mahali na zinaanza vita. Umepata ugomvi wa upande mmoja, bila mionzi na bila dawa.

Na kumtambua mgeni ni rahisi. Unazipaka seli za wengu kingamwili zenye rangi zinazoshika alama ya Kd ya upande wa DBA/2, unazipitisha kwenye saitomita, mashine inayosoma seli moja moja mbele ya leza. Mwenyeji wote wanawaka. Mgeni hawaki. Kwa hiyo unamjua mgeni kwa kile asichokuwa nacho.

Sasa tazameni maajabu. Ukimchoma chotara seli za mzazi C57BL/6, baada ya wiki mbili seli B za mwenyeji zimeteketezwa karibu zote. Ukimchoma chotara yuleyule seli za mzazi wa pili, DBA/2, wengu unavimba, seli B za mwenyeji zinaongezeka na kuanza kutoa kingamwili dhidi ya DNA yake mwenyewe, na mwishowe figo zinaumia kwa ugonjwa unaofanana na lupasi, ule wa kinga kuushambulia mwili wake yenyewe. Mwenyeji ni yuleyule, ugomvi ni wa kipandikizi dhidi ya mwenyeji kote kuwili, na matokeo yamepishana hivyo. Sababu mojawapo ni kwamba seli za DBA/2 zinakuja na seli chache za CD8 zenye uwezo wa kuua. Aliyepima wengu kwa mizani peke yake angesema huyu wa pili ndiye mwenye vita kali, wakati yule wa kwanza ndiye aliyeteketezwa.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

---

Mdau_Moro

Mkuu, uzi umeshiba. Mimi nilisoma biolojia chuo, tulifundishwa kipimo cha kuchanganya seli nyeupe za watu wawili kwenye sahani. Hicho hakitoshi? Hakuna haja ya kuua panya.

FundiMaabara

Mkuu, swali zuri, na nimefurahi umelileta. Kipimo hicho kilitoka mwaka 1964. Unachanganya seli nyeupe za wawili, unasubiri siku chache, zikiona ugeni zinagawanyika. Unaongeza thaimidini, kijenzi cha DNA, yenye mionzi, inaingia kwenye DNA mpya, unahesabu.

Tatizo la mwanzo lilikuwa hilohilo la uzi huu: pande zote mbili zinajibu pamoja, unapata namba moja, hujui ni ya nani. Mwaka 1966 ikaonyeshwa kwamba ukiutia upande mmoja dawa ya mitomaisini usiweze kugawanyika, unabaki na jibu la upande wa pili peke yake. Leo wengi tunatumia mionzi badala ya dawa. Upande uliopigwa mionzi unabaki kuwa wa kutazamwa tu. Ukitaka upande wa pili, unageuza.

Na usisahau sahani ya tatu: seli za panya zikiwa na seli za ndugu yake wa ukoo uleule zilizopigwa mionzi. Bila hiyo hujui kelele za kawaida ni kiasi gani.

Je, inatosha? Kwa swali la "je, zinatambuana?" inatosha kabisa, na nakubaliana na wewe kwamba tuanzie hapo kabla ya kugusa mnyama. Lakini sahani haina utumbo wala ini, na seli haisafiri kutoka kwenye mtoki kwenda kwenye ngozi. Ugonjwa unatokea kwenye safari hiyo.

Mdau_Moro

Nimekuelewa. Na ndani ya mnyama mnajuaje seli ipi imegawanyika?

FundiMaabara

Kuna rangi inaitwa CFSE. Inaingia ndani ya seli na kushikamana na protini zake. Seli ikigawanyika, kila mtoto anachukua nusu ya rangi. Akigawanyika tena, robo. Njia hii ilitolewa na Lyons na Parish wa Canberra mwaka 1994.

Unapaka rangi seli za mtoaji, unachoma kwenye mshipa wa mkia, siku ya tatu unatoa wengu na mitoki. Kwenye skrini unaona vilima vimepangana kama ngazi: cha kulia kabisa ni waliolala, kinachofuata wamegawanyika mara moja, kinachofuata mara mbili, mpaka mara saba au nane rangi inapoisha. Mara ya kwanza kuona ngazi ile nilikaa kimya mbele ya kompyuta dakika nzima. Nilikuwa nimesoma kwenye vitabu kwamba ni sehemu tu ya seli T inayoitikia ugeni. Siku ile nikaiona, na kilima cha waliolala kimesimama palepale pembeni.

Kuna na namna ya kupima kuua. Unachukua seli za aina mbili, za ukoo wa mwenyeji na za ukoo mgeni, moja unaipaka rangi nyingi na nyingine kidogo, unazichanganya sawa kwa sawa na kuzichoma pamoja. Kesho yake unaangalia nani amepungua.

---

Bint_Ilala

Kaka samahani, mimi napata shida na jambo moja. Unaongea kwa furaha lakini hao ni viumbe. Panya anadumaa, anaharisha, anakufa. Kuna mtu anawasimamia?

FundiMaabara

Dada, una haki ya kuuliza na sitaki kulipita juu juu.

Kwa vipimo vya uloto tunavyofanya sasa, BALB/c anapigwa mionzi ya kama Grei 8, ambayo ingemuua bila uloto mpya. Halafu anapewa uloto wa C57BL/6. Kundi moja linapewa uloto uliotolewa seli T, kundi jingine uloto pamoja na seli T. Kila panya ana karatasi yake ya alama tano: uzito, mgongo kujikunja, uchangamfu, manyoya, ngozi. Kila moja inapewa 0 hadi 2, jumla 10. Tunapima kwa ratiba, na mnyama akifika kikomo kilichoandikwa kwenye kibali, kwa mfano kupoteza zaidi ya robo ya uzito wake, anapumzishwa siku hiyohiyo. Hangojewi afe. Bila kibali cha kamati ya maadili hakuna anayeshika sindano.

Na karatasi hiyo ni kipimo cha kweli, siyo huruma tu. Wiki ya kwanza panya wote wanakonda, wa makundi yote, kwa sababu ya mionzi. Anayeanza kazi anaona uzito unashuka anaandika "kipandikizi kinashambulia". Hapana. Subiri. Waliopewa uloto usio na seli T wanainuka tena. Wenye seli T wanainuka kidogo kisha wanashuka mara ya pili, na wengine hawainuki kabisa. Ni tofauti ya makundi hayo mawili ndiyo inayokwambia seli T zimefanya nini. Kwa hiyo ukipunguza kundi la kulinganishia ili "kuokoa panya", umewapoteza bure wale wengine wote. Hilo linaniuma zaidi kuliko jingine lolote.

Bint_Ilala

Nashukuru kwa kunijibu vizuri kaka.

---

Mwl_Kagera

Mkuu umesema chotara F1 hawezi kukataa seli za mzazi. Nina kumbukumbu ya kusoma kinyume chake.

FundiMaabara

Mwalimu, umenishika pazuri. Nilisema seli zake T hazizigusi. Kwa ngozi hiyo inasimama. Kwa uloto ikavunjika. Cudkowicz na Bennett mwaka 1971 walionyesha kwamba chotara aliyepigwa mionzi anaweza kuukataa uloto wa mzazi wake. Walipima kwa kijenzi cha DNA kilichobandikwa iodini yenye mionzi: uloto ukishika, seli zinazaliana ndani ya wengu na kukiingiza kwenye DNA mpya, ukikataliwa wengu unabaki mtupu.

Kwa miaka mingi lilikuwa fumbo. Mionzi imeua seli T, sasa nani anakataa? Jibu lilikuwa seli NK, aina nyingine ya seli za kinga, ambazo zinavumilia mionzi. Klas Kärre na wenzake, Stockholm, 1986, walionyesha kwamba seli hizi hushambulia seli inayokosa alama za nyumbani. Uloto wa mzazi una nusu tu ya alama za chotara. Kwa seli T hakuna kigeni hapo. Kwa NK kuna kitu kimepungua.

Kwa hiyo hata pale nilipowaambia ni ugomvi wa upande mmoja, upande wa pili ulikuwepo. Unaupima kwa kuwaondolea mwenyeji NK kwa kingamwili kabla ya kupandikiza, kisha unalinganisha.

---

Kijana_Tabata

Haya yote yamemsaidia mgonjwa gani lakini?

FundiMaabara

Nitakupa moja. Kuna dawa ya saratani, saiklofosfamaidi. Kwa panya ilionekana kwamba ukimpa seli za mgeni, kisha ukampiga dawa hii siku mbili tatu baadaye, anapokea ngozi ya mgeni huyo. Maelezo ya mwanzo: siku hizo ndizo seli zenye ugomvi zinagawanyika, na dawa inaua kinachogawanyika. Kumbuka ngazi ya CFSE, waliolala wanapona. Kazi za baadaye kwa panya zimeonyesha kwamba seli T zinazotuliza wenzao nazo zina mchango mkubwa. Johns Hopkins, Baltimore, wakaipeleka kwa binadamu, siku ya tatu na ya nne baada ya uloto. Ndiyo njia iliyofungua mlango kwa mgonjwa kupewa uloto na mzazi au ndugu anayelingana naye nusu tu.

---

MamaNuru

Shikamoo kaka, sijui umri wako. Mwanangu alipandikizwa uloto wa dada yake kwa ajili ya selimundu. Majibu ya mwezi huu yameandikwa seli za mtoaji asilimia 68, mwezi wa kwanza zilikuwa 90. Sijalala. Ndiyo mwili unaukataa?

FundiMaabara

Mama, mimi ndiye wa kukuamkia, shikamoo. Na pole kwa usiku huo.

Daktari wa mtoto ndiye mwenye neno, mimi nitakueleza namba inasomwaje. Ni hesabu ileile ya mgeni na mwenyeji ninayofanya kwa panya, ila kwa binadamu wanatumia vipande vya DNA vinavyojirudia, au kromosomu X na Y kama mtoaji na mpokeaji ni wa jinsia tofauti.

Namba 68, kama ni ya damu nzima, ni mchanganyiko. Ndani yake kuna seli T, na kuna seli zinazotoka moja kwa moja kwenye uloto. Hizi mbili zinaweza kupishana sana. Seli T za mtoto zikirudi polepole, namba ya jumla inashuka huku uloto wa dada yake ukiwa bado umeshika vizuri. Kwa selimundu kinachotazamwa zaidi ni hizo za uloto, na tafiti zimeonyesha kwamba zikiwa za mtoaji kwa asilimia 20 hivi, zinatosha kuuzuia ugonjwa. Sababu ni kwamba chembe nyekundu yenye umbo la mundu inaishi wiki mbili tatu tu, wakati nzima inaishi siku 120, kwa hiyo nzima zinajaa kwenye damu.

Namba inayoendelea kushuka lazima ifuatiliwe, sitakuficha. Ukienda kliniki omba mambo mawili: kipimo cha seli zilizotenganishwa, T peke yake na za uloto peke yake, na kipimo cha himoglobini kionyeshe aina ya S ni asilimia ngapi. Waonyeshe pia kama ana vipele, macho ya njano au anaharisha, maana hizo ni dalili za ule upande wa pili. Na dawa za kutuliza kinga asiache hata siku moja bila daktari kusema.

MamaNuru

Marahaba mwanangu. Kliniki ni Jumanne. Vipele hana, macho meupe, anakula. Nitaomba hiyo ya seli zilizotenganishwa.

FundiMaabara

Sawa mama. Karatasi ya mwezi wa kwanza ichukue pia, waziweke mbili mezani pamoja.